Tamila na Chama cha Mizani

Kwa miaka kumi na saba hakuna mtu aliyeondoka Berestivka kwa basi bila kuruhusiwa na Tamila. Alikaa katika kile chumba cha kioo juu ya madirisha ya tiketi, kipaza sauti mbele yake, akitangaza: basi la Poltava mlango wa tatu, basi la Lubny limekwama kwenye theluji, mama aliyesahau kikapu chenye bata arudi akichukue kabla bata hajatoka. Mimi nilikuwa dirisha la pili, nikikata tiketi, na sauti yake ikinishukia kichwani kutwa nzima. Sauti yenyewe haikuwa tamu, lakini watu waliiamini. Tamila akisema dakika kumi, unakwenda kununua mkate, unarudi, na basi lipo.

Jina lake kamili ni Tamila Yukhymivna Polishko. Mfupi, mikono mipana ya mtu aliyelelewa kwenye mashamba ya viazisukari, miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Ndiye aliyembeba binti yangu siku ya ubatizo, kwa hiyo tangu hapo mimi na yeye tuliitana somo.

Kilichomsumbua Tamila kilikuwa nyumbani kwao. Baba yake, mzee Yukhym Tarasovych, aliongoza kikosi cha wavunaji wa viazisukari kwa miaka thelathini, na kadi yake ya chama cha Kikomunisti aliihifadhi ndani ya leso, kabatini, karibu na nguo alizoagiza azikwe nazo. Kaka yake, Ostap, mwalimu wa fizikia, ndiye aliyepanda juu ya paa la shule mwaka tisini na moja akafunga bendera ya buluu na njano kwa waya wa nguo. Siku ya arobaini ya mama yao, mezani, Ostap alisema kwamba chama cha baba ndicho kilichomuua bibi kwa njaa ya mwaka thelathini na tatu. Mzee akamrushia kijiko. Tangu hapo hawakusemezana. Walikaa nyumba mbili kwenye mtaa mmoja, na Tamila akipita katikati na sufuria ya supu ya borshchi, huku salamu, kule salamu, kama mtu wa posta.

"Baba anauliza kama umepata kuni," humwambia kaka yake.

"Muongo wewe. Hakuuliza."

"Haya, hakuuliza. Lakini alichungulia dirishani kwako."

Hapo ndipo Chama cha Mizani kilipomkuta.

Ilikuwa masika ya mwaka tisini na saba. Mwenyekiti wao, Hlib Arkadiyovych Sulyma, alikuja kutoka Kyiv na magari matatu, akafanya mkutano uwanjani mbele ya stendi. Mtu wa miaka arobaini na kitu, koti la kijivu, uso wa daktari anayekuletea majibu mazuri. Hajaongea dakika mbili, vipaza sauti vyao vikafa. Msaidizi wake akapanda mbio hadi chumba cha kioo, na Tamila akampa kipaza sauti cha stendi. Ndiyo maana hotuba ile tuliisikia sote, hata waliokuwa chooni.

"Kushoto kuna shimo tulilotoka jana," alisema Sulyma. "Kulia kuna moto. Sisi tutatembea katikati ya barabara!"

Mzee mmoja aliyekuwa na baiskeli akapaza sauti: "Katikati ya barabara ndipo mtu anapogongwa na lori!"

Uwanja mzima ukacheka. Sulyma naye akacheka, akasema, "Basi, baba, njoo utuendeshee lori." Mtu anayejua kucheka hivyo ni hatari, lakini siku ile nami nilimpenda.

Kisha akasema kuhusu familia. Kwamba Ukraina ni nyumba ambayo baba na mwana hawazungumzi, na kwamba mizani haichagui upande, hupima tu. Nikatazama juu. Tamila alikuwa amesimama nyuma ya kioo, ameshika mdomo wake.

Wiki iliyofuata msaidizi yule alirudi na keki ya Kyiv ndani ya boksi. Walitaka mtu wa kuongoza tawi la wilaya, na walikuwa wameambiwa kwamba sauti ya Tamila inajulikana kuliko sura ya mkuu wa wilaya.

"Somo," nikamwambia, "hawa watu viatu vyao ni safi mno."

"Kwani kuwa na viatu safi ni dhambi?"

"Kwa mwezi huu wa matope, ndiyo. Maana yake hawajatembea."

"Basi nitatembea mimi," akasema.

Na kweli alitembea. Uchaguzi wa bunge ulikuwa Machi mwaka uliofuata, na mwezi ule matope ya kwetu humvua mtu buti. Jumamosi na Jumapili alizunguka vijijini na skafu ya kijani ya chama shingoni, mfuko wa vipeperushi begani. Nilikwenda naye mara tatu nne. Hakuwa na hotuba. Aliingia zizini, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akauliza: "Mna ng'ombe mmoja. Mmoja wenu anavuta pembe, mwingine anavuta mkia. Nani anakamua?" Wanawake walicheka, wakampa maziwa. Akawaambia Chama cha Mizani kitakifungua tena kiwanda cha sukari, kwa sababu Sulyma mwenyewe alimwahidi hivyo, mkono juu ya moyo. Kiwanda kile kilikuwa kimefungwa miaka miwili, na nusu ya wanaume wa Berestivka walikuwa wanakunywa gongo wakikitazama. Mume wake Panas alikuwa mmoja wao, fundi wa boila.

Chama kiliruka kile kizingiti cha asilimia nne kikaingia bungeni na wabunge wengi kuliko waliotabiriwa. Kwetu watu watatu katika kila kumi walikipigia kura. Walifungua ofisi katika duka la zamani la viatu, na kwa miezi mingi wazee waliendelea kuingia wakiuliza kama kuna galoshi za mpira namba arobaini na tatu. Tamila aliwaketisha, akawaandikia barua zao za pensheni, akawapa chai. Asubuhi yuko stendi, mchana yuko dukani kwa viatu. Alinenepa kidogo. Alicheka sana mwaka ule.

Pasaka ya mwaka ule ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko zote. Aliweka meza nyumbani kwake akawaalika baba na kaka bila kumwambia yeyote kwamba mwenzake yupo. Mimi nilikuwepo, nikikata mkate wa Pasaka. Mzee Yukhym aliingia kwanza. Ostap akaja, akamwona, akageuka mlangoni.

"Rudi," Tamila akasema, kwa ile sauti ya stendi. "Mlango umefungwa. Basi haliondoki."

Ostap akasimama. Mzee akatazama sahani yake. Mwishowe akasema, bila kuinua macho, "Hicho chama cha dada yako hakina kichwa wala mkia."

"Hapo nakubaliana nawe," Ostap akajibu.

"Ndio kwanza tunakubaliana jambo."

"Basi kaa chini kabla hamjalikosa tena," nikasema mimi.

Akakaa. Walikicheka Chama cha Mizani mchana kutwa, baba na mwana, wakigongana mayai mekundu ya Pasaka, wakishindana nani atakisema vibaya zaidi, na Tamila akiwajazia glasi huku machozi yakimtoka. Aliniambia baadaye jikoni, "Wacha wanitukane. Ndiyo kazi ya katikati, somo."

Lakini chama hakikukaa katikati. Miaka miwili mitatu ikapita, kiwanda kimefungwa, na kule Kyiv wabunge wa Mizani walianza kupiga kura kama serikali inavyotaka, leo mmoja, kesho wote. Sulyma akapewa kiti kikubwa. Uchaguzi wa mwaka elfu mbili na mbili Mizani iliingia katika muungano wa wenye madaraka, na amri zikaanza kushuka. Manesi wote wa hospitali wajiunge na chama. Walimu nao. Daftari la tawi likatoka wanachama mia tatu hadi elfu nne kwa msimu mmoja. Chama kilivimba kama mgonjwa wa figo: ukikitazama kwa mbali unasema kimeshiba.

Tamila hakunyamaza. Alikwenda mkutano wa mkoa, akasimama, akasema, "Watu hawa hawakuja wenyewe. Hatukukubaliana hivi. Tulisema katikati."

Naibu wa Sulyma alimwangalia kwa upole, kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Tamila Yukhymivna, mpenzi wetu," akasema, "katikati ni pale serikali ilipo."

Ukumbi ukapiga makofi. Aliporudi nilimwuliza, utaacha? Akasema, "Nikiacha mimi, watamweka nani? Watamweka mtu asiyejua hata nani anahitaji kuni." Nilikubali. Nami sina usafi wa kumcheka mtu: jina langu lilikuwa kwenye daftari lile, nikilipiwa mchango na stendi.

Halafu ukaja uchaguzi wa rais, mwaka elfu mbili na nne. Nchi iligawanyika kama gogo lililopigwa shoka. Mizani ilikuwa upande wa serikali. Kituo chetu cha kura kilikuwa Shule Namba Mbili, ambako Ostap alifundisha. Tamila aliwekwa kuwa katibu wa kituo. Ostap alikuja kuwa mwangalizi wa upande mwingine, na utepe wa rangi ya machungwa kwenye koti.

Wiki moja kabla ya duru ya pili, yule naibu wa Sulyma alikuja kwenye ofisi yetu ya duka la viatu. Alileta karatasi iliyopigwa mhuri: mpango wa kufungua kiwanda mwezi Aprili, na orodha ya mafundi watakaorudishwa kazini. Wa sita alikuwa Polishko, Panas.

"Wilaya ikileta matokeo, kiwanda kinafunguliwa," akasema. "Isipoleta, sisi tutakuwa na sababu gani kule juu?"

"Matokeo yanaletwa na wapiga kura," Tamila akasema.

"Bila shaka. Na katibu anayasoma."

Siku ya kura, jioni, masanduku yalipokaribia kufunguliwa, msimamizi wa kituo alikagua vyeti vya waangalizi. Cha Ostap kilikuwa na herufi moja imekosewa katika jina la baba. Yukhymovych iliandikwa Yukymovych.

"Huyu si wewe," msimamizi akasema.

"Nakufundishia mwanao, Borys Hnatovych. Jana ulinipigia simu kuhusu alama zake."

"Cheti hiki ni cha mtu mwingine. Tafadhali toka."

Ostap akamgeukia dada yake. "Tamila. Waambie jina la baba yetu."

Mimi nilikuwa pale, karani wa kuhesabu. Watu kumi na wanne tulikuwa chumbani, na wote tunamjua mzee Yukhym. Tamila akaangalia daftari lake. Polisi wawili wakamshika Ostap mikono, wakamtoa, naye hakupigana. Alimtazama tu hadi mlango ulipofungwa.

Tulihesabu. Upande wa machungwa ulishinda pale kwa kura zaidi ya mia mbili. Niliziona kwa macho yangu. Msimamizi akatoa mfukoni karatasi yenye tarakimu nyingine, akamwekea Tamila mbele. Sheria ilitaka matokeo yasomwe kwa sauti. Akasimama, akayasoma yote, tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti ileile ya mlango wa tatu, ya theluji ya Lubny. Haikutetemeka hata kidogo. Kisha sote tukatia sahihi. Mimi wa tisa.

Yaliyofuata yanajulikana. Watu walijaa viwanja vya Kyiv kwenye baridi, mahakama ikaifuta duru ile, kura ikarudiwa na upande wa pili ukashinda. Siku tano baadaye tulimwona Sulyma kwenye televisheni. Alikuwa amevaa skafu ya machungwa. Alisema Chama cha Mizani siku zote kilikuwa pamoja na wananchi, na kwamba makosa yalifanywa na baadhi ya watendaji wa ngazi za chini.

Panas alizima televisheni. "Ngazi za chini," akamwambia mkewe. "Hongera. Umetajwa kitaifa."

Mzee Yukhym alikuwa kitandani kwa mapafu majira yale. Habari alizipata kwa majirani. Tamila alipomletea borshchi alisukuma bakuli.

"Sisi tulidanganya," akamwambia. "Sikatai. Lakini tulidanganya kwa ajili ya kitu tulichokiamini, wapumbavu sisi. Nyinyi mmedanganya kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya katikati? Na ukakana jina langu mbele za watu."

"Baba, nilidhani kiwanda…"

"Jina langu, Tamila. Lina herufi ngapi?"

Alifariki mwezi Februari. Ostap alibeba jeneza upande wa mbele, Panas nyuma. Kwenye chakula cha matanga Ostap alikula, akamshukuru kila aliyepika, akamruka Tamila.

Mwezi Machi Tamila alivaa koti lake zuri akaenda ofisi ya mwendesha mashtaka wa wilaya. Hakuniambia. Alikuwa ameandika kila kitu kwa mkono wake: tarakimu za kweli, tarakimu za uongo, cheti cha kaka yake, nani alitoa karatasi mfukoni. Majina yetu sisi wengine hakuyataja. Kijana wa pale aliisoma, akampa kiti, akatoka, akarudi.

"Mama, jalada la kituo hicho limefungwa."

"Limefungwa vipi? Mimi ndiye mkosaji, na niko hapa."

"Msimamizi wako sasa yuko chama kipya. Ni msaidizi wa mkuu mpya wa wilaya. Unataka nimwite yeye ashuhudie?" Akamrudishia karatasi. "Nenda nyumbani, mama. Hakuna anayekutafuta."

Akaenda moja kwa moja kwa Ostap. Akamkuta anapasua kuni, akamwambia yote, na kwamba walimkataa. Mke wa Ostap ndiye aliyenisimulia. Ostap alisikiliza mpaka mwisho, shoka mkononi.

"Ulikwenda kwa mwendesha mashtaka," akasema, "kabla ya kuja kwangu."

Akaendelea kupasua kuni. Mwaka ule ule, mshahara wa mwalimu ukiwa hautoshi hata mkaa, aliondoka kwenda Ureno kujenga maghorofa. Yuko huko hadi leo. Humpigia simu siku ya kumbukumbu ya baba. Dakika tatu nne: afya, kaburi, hali ya hewa.

Chama kilikufa bila mazishi. Kilijiita Mizani Mpya, kisha kikajiunga na kingine, kisha kikatoka. Uchaguzi wa elfu mbili na sita hakikufika hata nusu ya asilimia moja. Berestivka ilikipa kura kumi na moja.

"Nani hao kumi na moja?" nikamwuliza.

"Sijui, somo. Mimi simo."

Sulyma mwenyewe alikuja tena kampeni zile, na chama tofauti, rangi tofauti. Uwanja uleule. Tamila alishuka kutoka chumba cha kioo akasimama mstari wa mbele, na Sulyma alipokuwa akipeana mikono na watu akamfikia. Akampa mkono. Akasema, "Nimefurahi kukuona, mama. Unatoka kijiji gani?"

"Hapahapa," Tamila akasema. "Niliongoza tawi lako miaka minane."

Alimtazama kwa uso wake wa majibu mazuri. Nina hakika alikuwa anatafuta kichwani kwa dhati, na hakumpata. "Kazi nzuri," akasema, akashika mkono wa mtu aliyefuata.

Kiwanda kilipata kazi hatimaye. Kampuni fulani ilikinunua ikawa inakikata kuwa vyuma chakavu, na Panas aliajiriwa kwa miezi saba kuikata boila aliyoitunza miaka ishirini. Alirudi jioni, ana masizi usoni.

Lakini lililommaliza Tamila ni stendi. Mwanzoni lilikuwa mzaha. Akitangaza, "Basi la Poltava, saa nne na dakika kumi," mtu anapaza sauti kutoka kwenye benchi: "Kwa hesabu ya nani?" Mwingine: "Ondoa mia mbili!" Watu wanacheka, nao ni walewale waliompa maziwa. Kisha mzaha ukageuka mazoea. Akishatangaza tu, foleni ya watu inakuja dirishani kwangu: "Shangazi, ni kweli mlango wa tatu?" Wanawake wazee, wanafunzi, watu wasiojua hata kisa chenyewe, wamemwona mwenzao anauliza, nao wanauliza. Nikajibu mara mia kwa siku: ni kweli, ni kweli. Na mimi niliyetia sahihi wa tisa waliniamini, kwa sababu sauti yangu siku ile haikusikika.

Alivumilia mwaka mzima. Siku moja akiwa katikati ya tangazo, akaona watu wamekwisha simama kuja kwangu kabla hajamaliza. Akakatisha. Akazima kipaza sauti, akashuka ngazi na mkoba wake, akapita dirishani kwangu akasema, "Watangazie wewe, somo." Meneja alileta mashine yenye sauti ya msichana iliyorekodiwa mjini. Inataja Lubny vibaya, lakini hakuna anayelalamika.

Anaishi sasa kijijini alikozaliwa marehemu mama yake, kilomita kumi na nane kutoka hapa, na Panas na mbuzi watano. Nilimtembelea vuli iliyopita. Tulimenya maboga ya mbuzi, tukazungumza habari za mjukuu wangu na za magoti. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu ile karatasi na sahihi yangu, miaka yote nimekuwa nikitaka, nikaanza, "Somo, siku ile…"

"Kata vipande vidogo," akasema. "Mbuzi hawana meno ya mbele."

Nikakata vidogo.